Karatasi zenye chembe za dhahabu na fedha: ushauri kwa wanaozitengenezea pwani ya Tanga

Wanafunzi wanaokuja kwangu kutaka kutengeneza vipande vya karatasi vya kupimia kemikali kwa leza huuliza kwanza ni metali gani ina nguvu zaidi, dhahabu au fedha. Mimi huwauliza watakihifadhi wapi kipande chenyewe, kwa kuwa hapa Tanga hewa ya bahari na unyevu huharibu kazi nzuri upesi. Chembe za nano, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zikiwa za fedha hutoa ishara kali kuliko za dhahabu, lakini hushikwa na salfa na kloridi zikabadilika. Ukichagua fedha, tengeneza kiasi utakachokitumia mapema, kisha ukifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vidonge vya kufyonza unyevu. Kazi ikiwa ya muda mrefu, kubali kulipia dhahabu.

Faida ya karatasi au kitambaa ni kwamba hukunjika. Kioo hakiwezi kufuata mviringo wa chungwa la Muheza, ilhali kipande cha karatasi kilicholoweshwa kidogo hupangusa ganda lake na kubeba masalia ya kiuatilifu kama thiramu, ambayo salfa yake hung'ang'ania dhahabu na fedha. Kisha humulikwa kwa leza, na mwanga unaotawanyika huonyesha mitetemo ya molekuli. Mwaka 1974 Martin Fleischmann na wenzake wa Southampton, Uingereza, waliripoti ishara kali isiyo ya kawaida kutoka kwa kemikali iitwayo piridini iliyokaa juu ya fedha iliyokwaruzwa; baadaye ilieleweka kwamba nguvu hiyo hujikusanya hasa katika nafasi finyu mno kati ya chembe na chembe.

Kwa sababu hiyo, chembe zisiposambaa sawasawa, vipimo viwili vya kipande kimoja havitapatana. Ukidondosha tone la kimiminika chenye chembe na kuliacha likauke, chembe hukimbilia ukingoni na kuacha pete; ni afadhali kuichovya karatasi yote humo. Pima sehemu kadhaa za kila kipande, na uandike tofauti zake pamoja na wastani. Anayeonyesha mchoro mmoja uliopendeza simwamini.

Maji nayo yatazamwe. Kimiminika cha chembe za dhahabu zilizoandaliwa kwa sitrati, chumvi ya asidi ya limau, huwa chekundu, na ikikutana na chumvi chembe hugandana, rangi ikageuka kuwa ya zambarau au buluu. Kwa hiyo usioshee vyombo kwa maji ya kisima kilicho karibu na ufuo, tumia yaliyokenekwa.

Wengi hapa hutamani kutumia mkonge, zao lililoletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf. Wazo ni zuri, ila nyuzi ghafi zina lignini, kitu kinachoipa mimea ugumu, ambayo hung'aa chini ya leza na kufunika ishara unayoitafuta. Ziondolee lignini kwanza, na ukiweza tumia leza ya nanomita 785, ambayo hupunguza mng'ao huo. Anayeanza atumie karatasi ya kuchujia.

Vipande hivi hutumika pia kwa uchocheaji, yaani kuharakisha mmenyuko wa kemikali, na jaribio la kawaida ni kugeuza kemikali ya 4-nitrofenoli kwa kutumia nyingine, sodiamu borohidridi: rangi ya manjano hufifia mpaka kimiminika kikawa cheupe kama maji. Kabla hujasema kipande chako kinaweza kutumika tena, kitoe kwa kibanio katikati ya jaribio. Manjano ikiendelea kufifia ilhali kipande kiko nje, chembe zimebanduka na ndizo zinazofanya kazi ndani ya kimiminika. Hapo rudi kwenye namna ulivyozishikiza kwenye karatasi.