Kombi yangu ya 1974 inanuka petroli

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi Hamburg, nimenunua Kombi ya Volkswagen ya 1974, ile ya Westfalia yenye kitanda, jiko na paa la kuinuka. Injini ni 1600. Kila asubuhi nyuma kunanuka petroli. Nataka kuipiga rangi kabla ya kiangazi. Nianze? – M.S.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rangi isubiri, na gari usiliwashe leo. Fungua mlango wa injini, shika mpira wa petroli unaoingia kwenye pampu, uukunje kidogo. Ukiona nyufa ndogondogo kama za kisigino kikavu, ugonjwa umeupata. Badilisha mipira yote na klipu zake, toka kwenye tangi hadi kabureta. Usibakize hata kipande. Bloku ya injini hiyo ni aloi ya magnesiamu: ikishika moto, maji yanauchochea. Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na dereva, si nyuma.

Hilo likiisha, seti nafasi ya tapeti, yaani vile vyuma vinavyosukuma vali za injini, iwe milimita 0.15, injini ikiwa imelala usiku kucha. Oili ni lita 2.5 tu, nayo inapita kwenye chujio la waya badala ya filta, kwa hiyo usichelewe kuibadilisha. Kisha tafuta kutu chini ya betri na kuzunguka kioo cha mbele. Rangi mpya huificha tu. Turubai la paa usilikunje likiwa limelowa.

Ukishabadilisha mipira niandikie, nijue kama harufu imekwisha.