Kinyota kwenye Bango la Mafuta

Nina banda la chipsi Sinza, Dar es Salaam, mwaka wa sita sasa. Viazi hupanda na kushuka, lakini mtaji unaliwa na mafuta. Kwa hiyo siku nilipokuta bango jipya kwa Mangi ninakochukulia mzigo, macho yalinitoka: upande mmoja dumu la mafuta la kampuni iliyotoa bango, 33,000, upande wa pili ndoo ya washindani wao, 35,000. Kote kote "5" kubwa nyekundu. Nikabeba madumu matatu.

Wiki ya pili dogo anayenisaidia akaniambia, "Bosi, haya mafuta yanawahi kuisha." Mimi nikadhani anachota pembeni. Nilimnunia siku nzima, na hilo bado linaniuma.

Nikarudi dukani, nikalipiga bango picha na kuikuza kwenye simu. Chini kabisa palikuwa na kinyota na maandishi madogo kama sisimizi: dumu ni lita 5, ndoo ni kilo 5. Basi, mchezo wote uko hapo. Mafuta ni mepesi kuliko maji; lita moja ya mafuta ya kula ina gramu 920 hivi. Kilo 5 ni kama lita 5.4. Gawanya mwenyewe: dumu linakuja 6,600 kwa lita, ndoo ile ya "bei mbaya" haifiki 6,500. Hakuna tarakimu ya uongo kwenye bango lile, na bado nililiwa.

Kulikuwa na jingine. Mstari wa "Haina lehemu", yaani kolesteroli, ulikuwa na tiki kwa dumu, na kwa ndoo kisanduku kitupu. Sikiliza: lehemu hutoka kwa wanyama. Mafuta ya alizeti, ya mawese, ya pamba, yote hayana cha kujivunia hapo. Kisanduku kitupu hakijasema ndoo ina lehemu. Kimekuacha useme wewe.

Kwa hiyo ukiona kampuni inajilinganisha na mwenzake, anza na kipimo, bei baadaye. Lita kwa lita, gramu 100 kwa gramu 100. Kwenye biskuti na vinywaji vya watoto wanapenda kusema "kwa mlo mmoja", halafu mlo wao ni gramu 20 na wa mwenzao ni 30. Hapo sukari ikipungua theluthi, kilichopungua ni kijiko. Na kila kinyota kina mahali kinapoishia; kitafute kabla hujatoa hela.

Ukiona umepotoshwa, tunza risiti, lebo na picha ya tangazo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Kama shida ni ubora wa chakula chenyewe, nenda TBS, Shirika la Viwango. Ndio wenye kazi hiyo tangu 2019, ilipotoka kwa iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Ujazo ukipunjwa, ni Wakala wa Vipimo.

Mangi nilimuuliza kwa nini aliweka bango lile. "Kaka, lilikuja na gari la mzigo, vijana wakabandika. Mimi mwenyewe sijawahi kulisoma."

Nikamkuzia picha kwenye simu, nikamsomea. Akaomba kikokotoo.