Reduce sio panadol: vitenzi vya Kiingereza vya kupungua na kuishiwa nguvu

Wadau, sisi tunaotembeza wageni hapa Bagamoyo tuna ugonjwa mmoja karibu wote, na najua hata huko kwenu upo. Mvua ikipungua "the rain has reduced", maumivu yakipungua "the pain has reduced", wateja wakipungua "customers have reduced", yaani reduce imekuwa panadol, kila kinachouma unameza hiyohiyo. Sisi kwa sisi tunaelewana fresh tu, ila Muingereza akisikia reduce kwa kawaida anasubiri umtaje aliyepunguza na kilichopunguzwa. Kwenye bei iko poa, "I can reduce the price", mpunguzaji yupo na bei ipo. Mvua sasa imempunguza nani?

Jioni huwa nakaa na vijana wanaoanza hii kazi, na wengi wanakuja na listi wameikariri: decline kupungua, wane kupungua, ebb kupungua, dwindle kupungua. Listi ya hivyo bora ulale, maana mgeni akikuuliza swali unachomoa yoyote inayokuja mdomoni. Mi nawaambia waanze na kitu chenyewe, nini hasa kinachopungua? Na hili wala sio geni, mbona kwenye Kiswahili tunafanya bila hata kufikiria, maji yanakupwa, rangi inachuja, uvimbe unanywea, upepo unatulia, homa inashuka, na hakuna mtu Bagamoyo nzima atakwambia kanga yake imekupwa.

Basi anza na bahari. Maji yakitoka mpaka ngalawa zinakaa mchangani, "the tide is ebbing". Ebb ni ya maji ya bahari, halafu Waingereza wakaiazima kwa nguvu za mtu zinazomtoka taratibu, "his strength was ebbing away", na hiyo away inapenda sana kuifuata. Wane ni ya mwezi, ukishapevuka ukaanza kumegeka kwa kama wiki mbili hadi kuandama mwingine, na kutoka hapo ikaenda kwa umaarufu, ushawishi na hamu ya watu: "his influence is waning". Samaki usiwape wane. Samaki, akiba, wateja, vitu vinavyobaki vichache vichache, hivyo ni dwindle, "the catch is dwindling".

Decline ndio inayotuumbua zaidi, kwa sababu historia ya mji wetu huwezi kuieleza bila hiyo. Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka hapa kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, huku kwetu bahari haina kina, meli kubwa zinatia nanga mbali, kule kuna bandari ya maana, basi mji ukadorora. Kijana mmoja akawaambia wageni "after that Bagamoyo was declined". Mama mmoja wa Kizungu akauliza kwa upole kabisa, "by whom?" Kijana akaduwaa. Ukishaweka was pale unamaanisha imekataliwa, kama mwaliko uliokataliwa au kadi ya benki iliyogomewa kwenye mashine. Sema "Bagamoyo declined", basi, inatosha. Mji ulidorora wenyewe, hakuna aliyeudorora. Ebb, wane, dwindle na subside nazo ziko hivyohivyo, hazitaki was ya kutendwa, na ukitaka ile -me- yetu weka has: "trade has declined". Weaken ndio inakwenda kotekote, "the fever weakened him" sawa, "he weakened" sawa.

Pale Misheni napo, ukifika kwenye habari ya Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, watumishi wake kina Chuma na Susi walivyoubeba mwili wake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, mpaka ukafika hapa Februari 1874, usiseme afya yake ilireduce. "His health had been failing." Ndio, fail ileile ya mtihani, ila kwa afya, macho na kumbukumbu za wazee inakaa vizuri kuliko zote.

Za mwilini nyingine fupi fupi. Subside ni ya kilichopanda kikarudi chini, uvimbe, maumivu, mafuriko, hata vurugu. Wear off ni ya nguvu ya dawa, ganzi ya jino ikianza kuisha "it's wearing off", mgonjwa mwenyewe hawear off jamani. Rangi na sauti zinafade. Upepo na moto vinadie down, na abate utaikuta zaidi vitabuni, mtaani wala usihangaike nayo. Nyumba za zamani za mawe na chokaa zinadeteriorate, na hali ya mgonjwa ikizidi kuwa mbaya ni hiyohiyo.

Nyingine ambayo vijana hawaijui kabisa na inafaa sana kwa kazi yetu ni flag. Sio bendera, hii ni ya mtu anayeishiwa nguvu katikati ya shughuli. Kutoka mjini hadi magofu ya Kaole, yale ya karne ya 13, ni kama kilomita 5, na ukienda na wageni kwa mguu saa sita ya mchana, ukiona mmoja amenyamaza na chupa ya maji imeisha, muulize "are you flagging?" halafu umtafutie kivuli kwanza, karne ya 13 itasubiri.