Povu la sless limekufa kwenye oveni, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa mwisho chuo hapa Dar, projekti yangu ni povu la kusaidia mvuke kusukuma mafuta mazito chini ya ardhi. Nilinunua sless (ile dawa ya kutoa povu kwenye shampuu) Kariakoo, nikachanganya asilimia 0.5 kwenye maji ya bomba, povu likawa zuri sana. Nikafunga kwenye chupa, oveni nyuzi 120 siku tatu. Kutoa, natikisa hamna kitu, juu kuna utando kama mafuta na pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) imeshuka kutoka 7 mpaka 2. Nimeuziwa feki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujauziwa feki, na oveni usiigombeze. Umechukua kitu cha shampuu na sabuni ya maji ukakipeleka kwenye joto lisilo lake.

Sless ni salfeti, yaani kile kichwa kinachopenda maji kimeungana na mkia wa mafuta kupitia oksijeni moja hapo katikati, na hapo ndo pabovu, maji ya moto yanakata hapo. Pakikatika kichwa kinageuka asidi, mkia unabaki alkoholi unaelea juu, ndo huo utando wako. Ubaya wake ile asidi nayo inaharakisha ukataji, kwa hiyo ikishaanza haisimami, inajimaliza yenyewe. Hata hiyo pH yako piga hesabu uone, asilimia 0.5 ikikatika karibu yote asidi yake inaangukia hapo hapo kwenye 2. Vipimo vyako viko vizuri kuliko unavyodhani! Kuongeza soda kidogo (ya kutengenezea sabuni, sio ya kunywa) kungeichelewesha tu, kwa 120 isingepona, ndo maana familia hii kwenye visima kwa kawaida inaachiwa joto la chini, nyuzi 60 hivi.

Unachotaka wewe ni salfoneti. Humo salfa imeshika kaboni moja kwa moja, hamna oksijeni ya kukatwa katikati. Majaribio ya povu la mvuke kule kwenye visima vya mafuta vya Kern River, California, miaka ya 1980 yalitumia salfoneti. Siku hizi anayetajwa sana ni alfa olefini salfoneti.

Kinachochekesha ni kwamba duka ulilonunulia sless nina uhakika lina na ile salfoniki nyeusi nzito ya watengeneza sabuni, hiyo nayo ni salfoneti, ukiiua asidi yake kwa soda hiyo hiyo mpaka pH 8 hivi joto lako inalivumilia. Ila usishangilie bado. Chota maji ya bahari Kigamboni uichanganye humo, itachafuka kama maji ya kuoshea mchele, maana bahari ina magnesiamu karibu gramu 1.3 kwa lita na kalsiamu kama 0.4, na maji ya kwenye mwamba yanaweza kuwa makali zaidi ya hapo. Alfa olefini inavumilia maji magumu, yaani yenye madini hayo mengi, vizuri zaidi, ndo sababu nyingine inapendwa.

Alafu kitu ambacho wengi wanachanganya, povu kufa na dawa yenyewe (sless au salfoneti) kufa ni vitu viwili. Kwenye moto maji yanakuwa mepesi, yanachuruzika haraka kutoka kwenye kuta za povu, gesi nayo inahama toka viputo vidogo kwenda vikubwa, povu linalala hata kama dawa iko nzima kabisa. Acha chupa ipoe mpaka joto la chumba ndo utikise. Povu likirudi dawa ipo hai, shughulika na povu. Lisiporudi, kama lako, dawa imekwenda.

Ukirudia, pitisha naitrojeni kwenye maji nusu saa kabla ya kufunga, oksijeni iliyoyeyuka humo inaharibu dawa kwa njia yake tofauti kabisa na itakuchanganyia majibu. Andaa chupa nyingi, toa moja siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14, na upime dawa iliyobaki kwa taitresheni (kudondoshea kemikali ya kipimo kidogo kidogo mpaka dawa yote iishe), sio kwa macho.

Na hiyo chupa mdogo wangu! Maji ya nyuzi 120 yana presha kama bar 2, ukipandisha 200 inakuwa bar 15 na kitu, hapo chupa ya kioo ya kawaida ni bomu. Omba chombo cha chuma cha presha hapo idarani, kama hawana baki kwenye 120 na uvae miwani kila unapofungua oveni.