Kibao cha kushikia chupa ya rangi ya kucha: kipi ununue, kipi ujitengenezee

Chupa nyingi za rangi ya kucha hazizidi mililita 15. Kitako ni kidogo, kifuniko ni kirefu, na ukishakitoa pamoja na brashi yake, kinachobaki mezani ni kijichupa chepesi ambacho ncha ya taulo au waya wa taa ya kugandishia rangi ya jeli ukikigusa tu, kimelala. Ndiyo maana wengi tunaishikilia mkononi. Kidole cha pete na kidole kidogo vya mkono wa kushoto vinaibana chupa, huku dole gumba na kidole cha shahada vya mkono uleule vinatakiwa vishike kidole cha mteja na kuvuta ngozi ya pembeni ya ukucha ili brashi ipite vizuri. Fanya hivyo mpaka ukucha wa kumi, halafu ongeza baridi ya Mbeya ya Juni, uone kama mkono hautatetemeka.

Vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi, wale wanaogonga chupa kwa chupa kujitangaza, wameizoea hiyo staili kiasi kwamba hawamwagi hata tone. Nawavulia kofia. Lakini wengi wao wanapaka kucha za miguu, mteja ameweka mguu juu ya kigoda na hatikisiki. Ukianza kupaka kucha za mikono za bibi harusi ambaye simu yake inaita kila dakika, mkono wako wa kushoto lazima uwe huru. Kishikilio kinaurudishia kazi yake.

Mimi napaka kucha kwenye chumba kidogo karibu na Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, na siku za Jumamosi nawafuata wateja majumbani: kitchen party, sendoff, ndugu wa bwana harusi waliokumbuka kucha saa ya mwisho. Kwa hiyo ninayoyasema yanatoka kwenye meza ya kudumu na pia kwenye stuli za watu, makochi, na mara nyingine kitanda.

Cha kwanza kukitafuta ni uzito, na uzito wenyewe ukae chini kwenye kitako. Vishikilio vingi vya plastiki vinavyouzwa na vifaa vya urembo ni vizuri kwa macho ila ni vyepesi kama chupa yenyewe, kwa hiyo unapovipiga kumbo vinaanguka pamoja. Ukiwa dukani, weka chupa iliyojaa ndani ya kishikilio, fungua kifuniko, sukuma shingo ya chupa kwa kidole kimoja. Kama kitako kinanyanyuka kirahisi, rudisha. Muuzaji akikununia, mwache anune.

Cha pili ni mlalo. Rangi ikiwa imejaa huoni tofauti, lakini ikibaki theluthi ya chini, brashi haifiki vizuri, nawe unaanza kuinamisha chupa kwa mkono. Kishikilio kinachoiweka chupa imeinama kidogo kinaikusanya rangi upande mmoja, na brashi inaikuta. Kidogo tu, jamani. Ukiinamisha sana, chupa mpya itamwagika yenyewe. Na shingo ya chupa lazima ibaki wazi juu ya kishikilio, kwa sababu pale kwenye mdomo ndipo unapofutia upande mmoja wa brashi kabla ya kwenda kwenye ukucha. Nimeona vya kisasa vinavyoimeza chupa mpaka mabegani. Sijui aliyevibuni aliwahi kupaka kucha za nani.

Sasa, kile ninachokipenda kuliko vyote hakiuzwi dukani. Tafuta kandambili iliyochakaa, ile ya sponji nene. Kata sehemu ya kisigino, maana ndiyo nene zaidi. Weka chupa juu yake, chora duara kuzunguka kitako, halafu kata kwa wembe mpya ndani kidogo ya mstari, tundu liwe dogo kuliko chupa. Sponji itatanuka kuipokea na kuibana. Gundisha vipande viwili kimoja juu ya kingine ili chupa izame vya kutosha, kisha gundisha vyote juu ya kipande cha tailsi. Mafundi wanaojenga mtaani kwako wana mabaki ya tailsi wanayoyatupa, omba. Kama mkono wako si wa ufundi, mpelekee fundi viatu. Ana kisu, ana gundi ile kali, na atakukatia kwa mshazari ukimwambia unataka chupa iiname. Mimi nilimpelekea mzee mmoja wa pale sokoni, akaniuliza, "Mwanangu, kiatu chenyewe cha nani hiki?" Nikamwambia cha chupa. Alicheka, akanifanyia kwa bei ya soda.

Uzuri wa sponji ni kwamba haibagui. Chupa za rangi hazina umbo moja: kuna za duara, za mraba, zilizobanwa kiunoni. Tundu la mbao lililotobolewa kwa chupa moja halitaifaa nyingine, ila sponji inajipanga. Hata asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, ikidondoka, sponji inachafuka tu. Kuna watu wanatoboa lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, wakidhani ni kitu kilekile. Lile asetoni inaliyeyusha mbele ya macho yako, na chupa inabaki imesimama kwenye uji. Usilitumie.

Mbao nazo zina nafasi yake, hasa kwa mwenye meza ya kudumu. Huku kwetu mbao si tatizo. Ukiwa Mafinga au Iringa mjini, mabaki ya paina kutoka mashamba ya Sao Hill yamejaa kwenye karakana za maseremala. Shida ya paina ni wepesi, kwa hiyo mwambie fundi akuchukulie kipande kinene na kipana, au aulizie kipande cha mkaratusi, ambao ni mzito zaidi. Akitoboa, kina cha sentimita 2 kinatosha kwa chupa ya kawaida. Tundu liwe pana kuliko chupa zako zote, halafu ndani uvike ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili chupa isicheze. Na hapa mafundi hupenda kuharibu kwa nia njema: watataka kukipiga vanishi kiwake. Kataa. Asetoni inaibabua vanishi, inageuka kunata, na pamba zinaanza kubaki juu yake. Msasa mwororo tu unatosha, mbao ibaki kavu.

Wanaoishi kuelekea Kyela nao wana lao. Vyungu vya Wakisi vya kule Ikombe, karibu na Matema, wanavifinyanga pia vidogo vidogo. Kimoja kidogo chenye mchanga mkavu, au mchele usiopikwa kama huna mchanga safi, kinaishika chupa ya umbo lolote kwa mlalo wowote unaoutaka. Ni kizito, na kinapendeza kwenye meza kuliko plastiki. Ila vyungu hivyo vina kitako cha mviringo, kwa hiyo vikalishe juu ya ngata ndogo ya kipande cha kanga, kama mama anavyoukalisha mtungi kichwani. Mchanga una kasoro moja: chembe zinaganda kwenye chupa iliyochuruzika rangi, na usipofuta vizuri unaweza kuzikuta kwenye ukucha.

Halafu kuna zile pete za silikoni, laini, zenye matundu mawili ya vidole na kikombe katikati. Hizi ni kwa anayejipaka mwenyewe. Unaivaa kwenye mkono unaopakwa, chupa inakaa juu ya vidole vyako, brashi inasafiri sentimita chache tu. Kwa anayejipaka kitandani au kwenye kochi, ni jambo la maana sana, na hata ule mkono wa kulia unaopakwa kwa kushoto unakuwa na nafuu. Kwa mteja sikushauri. Utamvalisha chupa ya rangi mtu anayeongea kwa mikono? Na ukiagiza kutoka Dar, omba muuzaji akutumie video akiiminya. Niliwahi kuletewa kwa basi kitu chenye umbo lilelile ila cha plastiki ngumu, hakiingii kidoleni bila sabuni. Silikoni ya kweli unaikunja kama kitambaa na inarudi.

Kuna jambo moja kuhusu vishikilio ambalo wauzaji hawalisemi. Ukishazoea chupa kusimama yenyewe, unaiacha wazi. Ulipokuwa unaishika mkononi, ulikuwa unaifunga haraka ili upumzike; sasa imekaa pale imetulia, nawe unapiga stori, unatafuta kopo la pamba, unapokea simu. Vimiminika vinavyoifanya rangi iwe nyepesi, asetati ya ethili na asetati ya butili, vinapaa hewani muda wote mdomo uko wazi. Baada ya wiki chache rangi inavuta kamba. Mwezi wa Agosti na Septemba pepo zikianza huku nyanda za juu, vumbi nalo linaingia. Kwa hiyo kila ukimaliza mkono mmoja, rudisha brashi ndani, hata kama hukazi kifuniko.

Na rangi ikishakuwa nzito, usiongeze asetoni. Itakuwa nyepesi siku hiyo, lakini itapaka kwa mabaka na haitang'aa. Tina ya mafundi wa rangi za magari ndiyo kabisa usiiguse, haikutengenezwa kwa ajili ya vidole vya watu. Kuna dawa maalumu ya kulainishia rangi ya kucha, matone mawili matatu yanatosha. Ila kabla ya kudai rangi imeharibika, kumbuka uko wapi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai rangi nzima inakuwa nzito kwa baridi tu. Izungushe chupa katikati ya viganja, taratibu, usiitikise maana utaingiza mapovu. Au ifunge vizuri na uikalishe dakika chache kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kisha ikaushe kabla ya kufungua. Usiisogeze kwenye jiko la mkaa. Najua saluni nyingi huku zinawasha jiko wakati wa baridi. Rangi na asetoni vinashika moto haraka, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kulifuata jiko. Kama jiko lipo ndani, usifungue asetoni. Ukiona wateja wanatetemeka, wape chai.

Wanaopaka jeli, kishikilio chenu kina sharti la ziada: kikae mbali na taa na mbali na dirisha. Jeli haikauki kwa hewa, inaganda kwa mwanga wa UV, na jua lina UV ya kutosha. Huku juu watu wanadanganywa na baridi, wanadhani jua halina nguvu, kumbe kadiri unavyopanda ndivyo UV inavyozidi. Chupa imesimama wazi dirishani asubuhi nzima, jioni brashi imeganda humo.

Kwa kazi za majumbani, mimi nabeba vitu kwenye kikapu cha milulu cha Iringa, kwa sababu kina kitako kipana na hakilali kwenye bajaji. Chini natandika kipande cha trei ya mayai na kila chupa inakaa kwenye shimo lake. Trei ni ya safari tu. Nikifika, natoa kile cha ndala na tailsi, natandika gazeti, nakiweka upande wa mkono wangu wa kulia, kamwe si katikati yangu na mteja. Kama mteja ni mama mtu mzima, baada ya shikamoo namwomba radhi na kumtandikia taulo mapajani. Hakuna aliyewahi kukasirika.

Ikimwagika pamoja na hayo yote? Kwenye sakafu ya tailsi, nyunyiza sukari ingali mbichi, inaikusanya rangi kuwa mabonge, unafagia, kisha asetoni kidogo kwa alama iliyobaki. Kwenye kitenge usisugue. Bonyeza kwa pamba kavu kwanza, halafu jaribu asetoni kwenye upindo wa ndani kabla ya mahali penye doa. Gauni linaloteleza na kung'aa la sendoff, kama hujui limefumwa kwa nini, asetoni usiipeleke kabisa. Vitambaa vya asetati vinayeyuka, na hapo doa limegeuka tundu.

Watu huniuliza watoboe matundu mangapi. Mawili yanatosha: moja la rangi ya chini au ya kung'arishia, lingine la rangi yenyewe. Ukiweka la tatu utaanza kusahau chupa ipi iko wazi.