Kwa nini joho la Bikira Maria limebanduka na nyuso zimebaki?

Swali: Nimetazama picha ya Kuzaliwa kwa Yesu iliyochorwa ukutani katika kanisa dogo la Scrovegni, mjini Padova, Italia. Nyuso bado ni nzuri, lakini buluu ya joho la Bikira Maria imetoka karibu yote. Je, mchoraji wake, Giotto, alitumia rangi duni? Na kwa nini mafundi hawalipaki upya?

Jibu: Rangi ile haikuwa duni hata kidogo, tatizo ni namna ilivyoshikamana na ukuta. Kanisa hilo lilijengwa na tajiri Enrico Scrovegni kwenye kiwanja alichokinunua mwaka 1300, likawekwa wakfu tarehe 25 Machi 1305, na Giotto alilichora kwa fresko, yaani kwa rangi zilizokorogwa na maji na kupakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa inapokauka hufyonza kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kugeuka kuwa kama jiwe, nazo chembe za rangi hufungwa humo humo. Kwa hiyo fundi hupiga lipu ya sehemu anayoweza kuimaliza kabla haijakauka. Waitalia huiita giornata, yaani kazi ya siku, na mipaka ya siku hizo huonekana hadi leo ukimulika ukuta kwa taa kutoka ubavuni.

Rangi za udongo, nyekundu na njano, huvumilia ukali wa chokaa mbichi. Buluu ya azuraiti, ambayo ni madini ya shaba, haipatani nayo vizuri, tena ina tabia ya kusumbua: ukiisaga ikawa laini sana hupauka, hivyo huachwa na chembe nene, ambazo utando mwembamba wa chokaa hauwezi kuzishika. Ndiyo maana ilipakwa lipu ikiwa imekwisha kukauka, kwa msaada wa gundi ya asili. Gundi hiyo huchakaa kwa karne nyingi, huathiriwa na unyevu, na chumvi zinazosukumwa na maji kutoka ndani ya ukuta huibandua rangi gamba kwa gamba. Nyuso zilipona kwa sababu zenyewe ni sehemu ya lipu.

Kuhusu kulipaka upya, mimi napinga, kwa kuwa buluu mpya ingekuwa yetu na si ya Giotto. Shule ya Cesare Brandi, mwananadharia wa urekebishaji wa kazi za sanaa, iliwafundisha mafundi wa Italia kujaza mapengo kwa mistari myembamba ya wima, inayotulia machoni ukiwa mbali lakini inayojulikana kuwa nyongeza ukisogea karibu. Na pale ambapo pengo ni kubwa mno kukisiwa, huachwa lilivyo. Nguvu kubwa sasa huelekezwa kwenye hewa: wageni huingia kwa makundi madogo, baada ya kukaa takriban dakika 15 katika chumba maalumu, ili unyevu na vumbi wanavyokuja navyo visifike ukutani.