Makazi ya Johannesburg baada ya ubaguzi: maswali na majibu

Sheria ya kutenganisha makazi kwa rangi ilifutwa mwaka 1991. Mbona Johannesburg bado imegawanyika? (Msomaji, Arusha)

Sheria hiyo ya mwaka 1950, pamoja na nyingine zilizoifuata, ndiyo iliyowapangia watu mitaa kwa rangi zao; wakazi wa Sophiatown walianza kuhamishiwa Meadowlands, Soweto, mwaka 1955. Kufutwa kwake hakukuhamisha nyumba, reli wala sehemu za kazi. Leo hakuna anayemzuia mtu mweusi kuhamia Sandton, eneo la matajiri kaskazini mwa jiji, na wengi wenye kipato cha kutosha wamehamia, lakini kibarua wa Soweto anazuiwa na kodi ya pango asiyoimudu.

Si serikali imegawa nyumba za bure? (Msomaji, Mombasa)

Imegawa, tena zaidi ya milioni 3 nchi nzima tangu mwaka 1994, na asiyewahi kulala chini ya bati linalovuja asizibeze. Kasoro kubwa iko mahali zilipojengwa. Kwa kuwa ruzuku ya kila nyumba ilikuwa na kiwango maalumu, wajenzi walikimbilia ardhi ya bei nafuu pembezoni mwa miji, mara nyingi upande ule ule ambao utawala wa makaburu ulikuwa umewatengea Waafrika. Mama anayesafisha ofisi kaskazini mwa jiji huku akiishi Orange Farm, kiasi cha kilomita 40 kusini, hutoka nyumbani kabla ya alfajiri, hubadilisha mabasi madogo njiani, na mshahara wake huliwa na nauli. Hata akitaka kuiuza nyumba ya ruzuku ili ahamie karibu, sheria inamwekea kizuizi kwa miaka 8 ya mwanzo. Sera ya mwaka 2004 iliitambua kasoro hiyo, na mitaa kama Cosmo City imechanganya nyumba za bure na za mkopo wa benki. Kwa maoni yangu, mitaa ya namna hiyo bado ni michache mno.

Kwa nini matajiri wasilipie maendeleo ya maskini? (Msomaji, Dodoma)

Ilijaribiwa. Mwaka 1996 kodi ya majengo ya Sandton ilipandishwa ili kusaidia maeneo kama Alexandra, yaliyo jirani kabisa. Baadhi ya wamiliki waligoma kulipa na kwenda mahakamani, wakashindwa mbele ya Mahakama ya Katiba mwaka 1998.

Majengo yaliyotelekezwa katikati ya jiji hayawezi kuwa makazi? (Msomaji, Nairobi)

Tayari ni makazi, ila ya hatari. Agosti 2023 moto uliua watu 76 katika jengo la Usindiso, mali ya jiji lenyewe, ambalo zamani lilikuwa ofisi ya kusimamia vitambulisho walivyolazimishwa kubeba Waafrika; miongoni mwa waliokufa walikuwamo Wamalawi na Watanzania. Wako wanaotaka wakazi wa majengo hayo waondolewe tu. Mahakama ya Katiba, katika hukumu ya mwaka 2011, ilikwisha kuliagiza jiji liwape makazi ya muda wanaofukuzwa wasio na pa kwenda, hata kama jengo ni la mtu binafsi. Agizo hilo litekelezwe hapo hapo katikati ya jiji, karibu na kazi zao.